Gari la Kaka na Soketi ya Mama

Kaka yangu mkubwa ana duka la vifaa vya ujenzi Bunda, na kwa miaka mingi alikuwa akimtembelea mama yetu Butiama bila kuzima injini. Alisimamisha gari mbele ya mlango, akashusha sukari, mkate na sabuni, akamwuliza mama anaendeleaje, na mama akiwa bado anaeleza habari za goti lake, yeye alikuwa ameshaingiza gia ya kurudi nyuma. Kuku aliyekamatwa kwa ajili yake aliachiwa akaendelea na maisha. Nadhani kuku wa mama hawakuwa na rafiki mkubwa kuliko kaka.

Mama hakumlaumu mbele yake hata siku moja. Alinilaumu mimi.

"Kaka yako anakujaga kama mtu anayefukuzwa," alinambia kila nilipokwenda. "Na wewe ukae basi. Au na wewe umeacha gari linanguruma nje?"

Sikuwa na gari la kunguruma. Mimi naishi Bweri, Musoma, na kazi yangu ni kuuza samaki na vinywaji baridi. Mume wangu yuko mgodini upande wa Tarime na hurudi mwisho wa mwezi. Nyumbani nabaki mimi, friza kubwa ya samaki, na luku, ile mita ya umeme ambayo unailipa kwanza ndipo ikuwashie taa. Kati ya hivyo vitatu, luku ndiyo yenye sauti. Ikikaribia kuisha huanza kulia pii, pii, na mimi hujikuta naitazama friza kama mama anavyomtazama mtoto mlafi: nampenda, lakini anakula.

Bei ya petroli ilipopanda, kaka alianza kuzungumza habari za magari ya umeme jinsi watu wa kanisani kwetu wanavyozungumza habari za wokovu. Alikuwa ameona video kwenye simu. Alisimulia kwamba hayana oili wala plagi, na kwamba mwenye nalo anapita mbele ya sheli akiwapungia mkono. Tulimsikiliza kwa adabu. Hatukujua kwamba alikuwa ameshaagiza.

Gari lilifika Bunda mgongoni mwa lori la dizeli, kwa sababu lisingeweza kujiendesha lenyewe kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa dogo, jeupe, lililotumika Japani kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba betri ni nzima. Ilikuwa nzima kwa maana kwamba haikuwa imepasuka. Ndani mlikuwa na sauti ya mwanamke wa Kijapani aliyesema maneno kila gari lilipowashwa, kwa upole sana, na kaka alizoea kumjibu, "Haya, ahsante." Wifi yangu, yaani mke wa kaka, alitaka mwanamke huyo azimwe. Kaka alisema hajui pa kumzimia.

Wateja wa dukani walitoka nje kulisikiliza. Wengine waliinama karibu na boneti. Mzee mmoja aliyekuja kununua misumari aliuliza kama limewaka, akaambiwa limewaka, akauliza tena.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa ya kuja kwangu. Siku hiyo nilikuwa nimetoka mwaloni, kule ufukweni samaki wanakoshushwa, alfajiri na samaki wengi kuliko kawaida, sato wakubwa walioletwa na mitumbwi ya upande wa Suguti, na friza ilikuwa imejaa hadi mfuniko ulihitaji kukaliwa ndipo ufunge. Nikamwona kaka anaingia uani polepole, madirisha yamefungwa, uso unamtiririka jasho.

"Mbona umejifungia hivyo na jua lote hili?" nilimuuliza.

"Ukifungua dirisha, upepo unakula betri," alisema. "Na ukiwasha kiyoyozi, kinakula betri. Mdogo wangu, soketi iko wapi?"

Kwenye kioo cha gari, alinieleza, kulikuwa na namba ya kilometa zilizobaki. Alipotoka Bunda namba hiyo ilimwahidi safari ya kufika Musoma na kurudi. Kila alipopanda kilima ilijirekebisha. Alipofika Kiabakari alikuwa ameacha kuamini ahadi zake, akazima redio. Alipofika mjini namba ilikuwa imeondoka kabisa, na mahali pake vikabaki vistari viwili, na mwanamke wa Kijapani alikuwa anasema maneno mengi kuliko kawaida.

Nilimpa ekstensheni ninayotumia kwa pasi. Aliipitisha dirishani, akachomeka, taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye chaja, na kaka akashusha pumzi kama mtu aliyefikisha mgonjwa hospitali. Nikampikia. Alikula akitazama dirishani.

Kilichofuata kinaweza kubashiriwa na mtu yeyote ambaye ana luku. Mchana wa saa nane ilianza kulia. Nilikuwa nimenunua umeme wa kunitosha wiki nzima. Nikadhani ni hitilafu, nikatoka kwenda kuangalia mita, na nilipopita karibu na ekstensheni nikasikia harufu ya plastiki. Nilipoigusa nikaondoa mkono haraka. Kabla sijamaliza kumwita kaka, nyumba yote ikanyamaza. Friza iliacha kunguruma, na ndipo nilipotambua kwamba gari la kaka halikuwa kimya kwa sababu lina adabu. Lilikuwa linakula, na anayekula hana nafasi ya kuongea.

"Limefikia nusu," kaka alisema kwa furaha, kichwa kikiwa ndani ya gari.

"Umeninywea umeme wa wiki," nilisema. "Na samaki wangu?"

"Nunua mwingine, nakurushia hela sasa hivi."

"Mtandao unasumbua tangu asubuhi."

Ulisumbua kweli, hadi jioni. Kaka, mwenye duka kubwa Bunda, mtu anayesalimiwa na madiwani, alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani kwangu akiparua magamba ya sato, kwa sababu samaki walioanza kulainika ilibidi watolewe matumbo na kukaangwa wote kabla giza halijaingia. Alikuwa amesahau namna ya kushika kisu. Nilimwonyesha. Tulizungumza siku hiyo kuliko tulivyozungumza tangu mazishi ya baba, ingawa nusu ya mazungumzo yenyewe ilikuwa mimi kumgombeza.

Mtandao uliporudi alinirushia hela, tukanunua umeme, gari likaendelea kula. Nikaweka sheria: kwangu, ama friza ama gari. Kaka alikubali. Alisema ameshapata njia nzuri zaidi. Akija huku atakunja kona Kiabakari, atachajia kwa mama Butiama, halafu ndipo aje Musoma mara moja na kurudi. Mama ana umeme na anautumia kwa taa tatu na simu, kwa hiyo upo tu, umekaa.

Alimpeleka fundi, akafunga waya mnene na soketi mpya sebuleni kwa mama, karibu na dirisha, yenye swichi nyekundu. Mama aliisifu soketi hiyo. Aliiwekea kitambaa cha kufuma, kile kile cha kuwekea makochi, mpaka fundi akamwomba akitoe.

Gari lile lilihitaji siku nzima kujaa. Hilo kaka hakuwa amelifikiria. Alizoea sheli, ambapo unalipa na kuondoka kabla hujamaliza kusalimiana. Siku ya kwanza Butiama alizunguka nyumba mara nyingi, akapiga simu dukani kila baada ya muda mfupi, akaenda barabarani, akarudi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mboga.

"Baba, kaa," mama alimwambia. Humwita baba kwa sababu kaka amerithi jina la babu yetu.

"Mama, nina watu wananisubiri."

"Wataendelea kusubiri. Kitu chako si bado kinanyonya?"

Kaka akakaa. Kuku alikamatwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuachiwa. Mama alinipigia simu jioni kunipa habari hiyo, kwa sauti ya mtu anayetangaza kipaimara. Alikula mapaja yote mawili, alisema. Akalala kwenye kochi, akakoroma kama marehemu baba yenu.

Baada ya hapo kaka alikwenda Butiama karibu kila wiki, kwa sababu wateja wake wa Musoma walikuwa wanaongezeka na gari lisingeweza kufika bila kupita kunyonya. Alipochoka kukaa alianza kutafuta kazi. Akatengeneza mlango wa zizi. Akapalilia muhogo, vibaya, mama akarudia nyuma yake. Akapanda kwenye bati kuziba matundu. Halafu siku moja, akiwa hana tena cha kuziba, akasimama mbele ya kaburi la baba.

Niseme kidogo kuhusu kaburi hilo. Liko pembeni mwa nyumba, upande wa migomba. Kaka huuza saruji. Malori hushusha saruji dukani kwake mpaka mtaa mzima unapiga chafya. Lakini kaburi la baba lilikuwa bado udongo uliozungushiwa mawe, na msalaba wa mbao ulioanza kuinama, kwa sababu kila mwaka kaka alituambia tusilijengee sisi, atalijengea yeye akipata nafasi, tena kwa vigae. Alitaka liwe zuri. Mtu anayetaka kitu kiwe kizuri sana anaweza kukiacha kibaya kwa miaka mingi, na hakuna wa kumlaumu.

Wiki iliyofuata alikuja na mifuko ya saruji ndani ya lile gari dogo. Uzito ule ulikula betri vibaya mno, akafika na kistari kimoja. Hakujali. Alivua shati, akaanza kuchanganya zege yeye mwenyewe. Nilikuwapo siku hiyo, ilikuwa Jumamosi. Nilimwambia kwamba wapo mafundi anaowalipa kila siku kwa kazi hiyo.

"Mafundi wana kazi," alisema. "Mimi nachaji."

Alijenga kidogo kidogo, kila alipokuja kuchaji. Alikosea vipimo vya msingi, akabomoa, akaanza upya. Mama alileta uji, akaweka kwenye kivuli, akamtazama. Wakati mwingine walizungumza habari za baba, jinsi alivyokuwa akikataa kuuza ng'ombe hata wa mguu mbovu, na jinsi alivyomchapa kaka siku alipopoteza ndama. Kaka alicheka hadithi ya kuchapwa. Zamani, ukiitaja, alikuwa anaondoka.

Jumamosi hiyo hiyo ndipo nilipogundua jambo. Niliingia sebuleni kuchukua kanga, nikamkuta mama amesimama karibu na dirisha na ufagio mkononi. Alikuwa anachungulia nje, kule kaka alikokuwa anachanganya zege. Halafu, bila haraka, akabonyeza ile swichi nyekundu, akazima.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafagia."

"Umezima gari la kaka."

Hakuona aibu hata kidogo. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeshikwa.

"Halitakufa. Nalipumzisha tu," alisema. "Nitaliwasha tena akija kula."

"Atashindwa kuondoka leo."

"Wewe ulikuwaga unamfunga ng'ombe gani kwa kamba fupi, si yule anayependa kutoroka?" Akaendelea kufagia mahali palipokuwa safi. "Usimwambie."

Sikumwambia. Jioni kaka aliangalia namba kwenye kioo cha gari, akatikisa kichwa, akasema umeme wa Butiama una nguvu ndogo siku hizi. Mama akakubali kwamba ni kweli, ni mdogo sana, hata taa zinaona aibu. Kaka akalala pale. Wifi alimpigia simu kutoka Bunda, nikasikia kaka anaeleza kwamba gari bado linachaji. Nijuavyo mimi, tangu dunia iumbwe wanaume wamewapa wake zao sababu nyingi za kutorudi nyumbani, lakini hiyo ilikuwa mpya.

Wifi alikuja mwenyewe. Si siku hiyo. Wiki mbili baadaye, kaka alipochelewa tena. Alipanda basi mpaka Kiabakari, akachukua bodaboda, akashuka kwa mama bila kubisha hodi, akiwa amejiandaa kwa lolote. Alimkuta mume wake amepiga magoti kaburini, miguu peku, anapanga vigae, na mama mkwe amemshikia ndoo ya maji. Mama anasema wifi alisimama pale muda mrefu. Halafu akavua viatu, akaingia jikoni akasonga ugali. Hakuuliza tena habari za kuchaji.

Tatizo lilikuja kwenye luku ya mama. Watu wa umeme wana bei mbili: ndogo kwa nyumba zinazotumia kidogo, na kubwa kwa wanaovuka kiwango. Mama, na taa zake tatu, alikuwa miongoni mwa wadogo tangu nguzo zilipofika kijijini. Baada ya miezi kadhaa ya kulisha gari, akanunua umeme kwa hela ile ile ya siku zote, na uniti zikaja chache mpaka akadhani wakala amekosea kubonyeza. Alikwenda ofisini kuuliza. Kijana wa dirishani alimwangalia kwenye kompyuta, akamweleza kwa heshima zote.

"Bibi, wewe siku hizi ni mtumiaji mkubwa."

Nilipoenda kumwona nilitegemea kumkuta amekasirika. Nilimkuta amevaa kitenge cha sikukuu.

"Wameniambia mimi ni mtumiaji mkubwa," alisema. "Wamesema wenyewe, kwenye kompyuta."

Alikwisha kulitangaza kwenye jumuiya. Kuna mama mmoja pale jirani ambaye mtoto wake yuko Mwanza na ana nyumba ya ghorofa, na kwa miaka mingi mama alikuwa akimsikiliza huyo mwenzake bila kuwa na la kujibu. Sasa alikuwa nalo. Kwamba cheo hicho kilimgharimu nusu ya taa zake, hilo hakulitangaza. Alikuwa akikaa gizani jioni kubana matumizi, mtumiaji mkubwa, na kibatari mezani.

Kaka akaambiwa habari ya kibatari. Alikuwa akilipia umeme wa gari, au alidhani analipia. Aliacha hela mezani kila alipoondoka, na mama aliziweka ndani ya Biblia na kuzipeleka kanisani. Akaamua kufunga sola: paneli juu ya bati, inveta ya ukutani, na betri ya kuhifadhi umeme ndani ya nyumba. Alisema sasa jua litalisha gari bure, na luku itabaki kwa ajili ya mapambo.

Mama alipinga. Alisema jua ni kali, litajaza gari haraka. Alisema hivyo kwangu, jikoni, kwa sauti ya chini. Hofu yake haikuwa na msingi. Paneli zile zilitosha taa, simu na redio, lakini mbele ya gari zilikuwa kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe cha chai. Siku ya mawingu gari halikupata kitu kabisa. Zamani kaka alikaa kutwa. Sasa kwa sola alihitaji siku mbili, tatu wakati wa mvua. Mama akabadilisha maoni. Akasema teknolojia ni kitu kizuri.

Lakini betri ya gari ilikuwa inazeeka kila wiki. Ikafika wakati gari likijazwa kabisa Bunda linafika Butiama kwa shida. Siku moja liliishia Kiabakari, pembeni mwa barabara, mchana kweupe. Mwanamke wa Kijapani alisema neno moja tu, fupi, akanyamaza. Kaka alinipigia simu, nikaja kwa basi kutoka Musoma, nikamkuta amezungukwa na watu wenye ushauri. Mmoja alipendekeza lisukumwe ili liwake. Mwingine alikuwa amekwenda kuchukua petroli kwenye chupa, kwa moyo safi.

Aliyetusaidia alikuwa jamaa aliyekuwa anatoka shambani na jozi ya maksai na mnyororo wa jembe. Tulipatana bei. Akafunga mnyororo mbele ya gari, akapiga mluzi, na wale maksai wakaanza kuvuta kuelekea Butiama kana kwamba hiyo ndiyo kazi waliyozaliwa kuifanya. Kaka alikaa ndani kushika usukani. Mimi nilitembea pembeni na mwenye maksai.

"Hili nalo linatumia nini?" aliniuliza.

"Umeme," nilisema.

Alifikiri kidogo. "Basi leo litatumia majani."

Watu walitoka kwenye nyumba kutazama. Wapo waliopiga picha. Kaka aliinua mkono kuwasalimia mwanzoni, baadaye akashusha dirisha na kuweka kiwiko nje, kwa sababu hakukuwa tena na betri ya kuhurumia. Ndiyo siku pekee niliyomwona analifurahia gari lile.

Halikutoka tena uani kwa mama. Yule fundi aliyefunga sola alikuja akaifumua betri ya gari, kisanduku baada ya kisanduku, akapima kila kipande. Vilivyokufa akaviweka pembeni, na vile vilivyobaki na uhai akavipanga upya viwe betri ya nyumba. Kumbe kilichoshindwa kupeleka mtu Kiabakari kilikuwa na nguvu tele ya kuwasha nyumba ya mjane. Tulikaa mimi na kaka kwenye ukingo wa kaburi, ambalo lilikuwa limekwisha na linang'aa kiasi cha kuumiza macho, tukimtazama fundi anavyofanya kazi.

"Ile chaja ilikuwa na taa ya kijani," kaka alisema ghafla. "Ilikuwa inaonekana vizuri kutoka hapa."

Nilijifanya namtazama fundi.

"Ilikuwa inazimika kila mama akiingia kufagia."

"Kumbe ulijua?"

"Tangu mara ya pili."

"Mbona hukusema?"

Alipangusa vumbi kwenye kigae kwa kiganja. "Ningesema nini? Kazi hapa ilikuwa bado."

Kaka sasa ana gari jingine la petroli, la kawaida kabisa. Huja Jumapili nyingi, si zote. Hukaa mpaka baada ya chakula, kisha husema ana haraka, na ana haraka kweli. Hatumlaumu. Bodi na milango ya gari jeupe bado viko chini ya mti wa mpera, na mama anahifadhi ndani yake mahindi ya mbegu, kwa sababu panya hawawezi kutoboa kioo.

Watu wa umeme, baada ya kuona mama hanunui tena uniti ila kidogo sana, walimrudisha kwenye bei ndogo bila yeye kuomba. Aliumia. Alitaka nimpeleke ofisini akate rufaa. Nilimweleza kwamba ndiyo nafuu, kwamba wengine wanaipigania, na yeye akasema nafuu anaielewa, lakini wangemwuliza kwanza.

Umeme wa betri ukawa mwingi kuliko taa zake, na mama si mtu wa kuacha kitu kiharibike. Akauza mbuzi, akanunua televisheni. Siku hizi kuna tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ya tajiri mmoja ambaye mama hamwamini, na majirani huja kuitazama, akiwemo yule mama mwenye mtoto Mwanza. Jumapili iliyopita tulifika mimi na kaka pamoja, amenibeba kutoka Musoma, na mfuko wa sukari mkononi. Kaka alisimama mlangoni akasalimia. Mama aliinua kidole bila kugeuka.

"Subirini kidogo," alisema. "Inaishia sasa hivi."

Haikuisha sasa hivi. Kaka aliangalia saa, akaniangalia mimi, halafu akatafuta nafasi kwenye mkeka kati ya wale akina mama, akakaa. Baada ya muda akamuuliza jirani yake, kwa sauti ya chini, yule mwenye masharubu ni nani.